Uongozi Hauandikwi Ubaoni

Katika shule nyingi za sekondari humu nchini, hufanyika kila mwaka hafla fupi ya kuwatawaza viranja wapya. Majina husomwa gwarideni, wateule hupiga hatua mbele, hukabidhiwa beji na tai ya rangi tofauti, nao wenzao huwapigia makofi, wengine kwa furaha na wengine kwa hofu ya yatakayofuata. Tangu siku hiyo kijana wa miaka kumi na saba huitwa kiongozi. Swali ambalo ningependa tulitafakari leo, walimu wenzangu nanyi wanafunzi wapenzi, ni hili: kijana huyo amefunzwa uongozi lini, na nani, na mahali gani?

Nimeishika chaki kwa miaka mingi, na sina budi kukiri kwamba kwa muda mrefu sikuwahi kujiuliza swali hilo. Katika vikao vya walimu nilivyohudhuria, tulipima uongozi kwa vigezo vitatu: alama za mtihani, kimo cha mtu, na ukali wa sauti yake. Aliyejaaliwa vyote vitatu alikuwa kiranja mkuu bila mjadala. Ilinibidi nipande mlima, tena nishindwe kufika kileleni, ndipo nikaujua upungufu wa mizani yetu.

Ilikuwa likizo ya Agosti mwaka wa 2012. Nilikuwa mlezi wa wanafunzi waliokuwa wakishiriki mpango wa Tuzo ya Rais, na saba kati yao, wote wavulana wa Kidato cha Tatu, walikuwa wamefikia daraja ya Dhahabu. Wanaoufahamu mpango huo wanajua kwamba una ngazi tatu, yaani Shaba, Fedha na Dhahabu, na kwamba kila ngazi humtaka kijana atoe huduma kwa jamii, ajifunze ustadi fulani, afanye mazoezi ya viungo, na afunge safari ya kujasiri katika mazingira ya nyikani. Katika ngazi ya Dhahabu safari hiyo huwa ya siku nne na kulala nje siku tatu. Kundi hujipangia mambo yake lenyewe: njia, chakula, mahema na ratiba. Mwalimu huwa mwangalizi tu.

Tulichagua Mlima Kenya, kwa njia ya Naro Moru. Siku ya kwanza tungelala kwenye Kituo cha Hali ya Anga, mita 3,050 juu ya usawa wa bahari. Siku ya pili tungepita msituni na katika kile kinamasi mashuhuri kinachoning'inia ubavuni mwa mlima, hadi kambi ya Mackinder, mita 4,200. Alfajiri ya siku ya tatu tungefika kilele cha Lenana, mita 4,985, kisha tuanze kurudi. Ratiba hiyo ilikuwa ya haraka mno kwa watu waliotoka nchi ya chini, nami nilijua. Lakini fedha tulizokuwa nazo hazikuruhusu siku ya ziada ya kuuzoesha mwili hewa nyembamba, nikajiambia kwamba vijana wana nguvu. Kosa la kwanza la safari ile, basi, lilikuwa langu.

Kiongozi wa kundi alikuwa kiranja wetu mkuu, kijana hodari, mwenye sauti iliyosikika kutoka bwalo hadi bwenini. Yeye ndiye aliyeandika orodha ya vyakula, na katika orodha hiyo mlikuwa na maharagwe makavu. Usiku wa kwanza wavulana waliyateleka saa kumi na mbili jioni. Saa mbili yalikuwa magumu. Saa nne yalikuwa bado yakigongana sufuriani kama kokoto, na mtungi mmoja kati ya mitungi yetu mitatu midogo ya gesi ulikuwa umekwisha. Tulikula mkate, tukalala na njaa.

Msomaji mwenye kumbukumbu ya fizikia anajua kilichotokea. Kadiri mtu anavyopanda juu, ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua, na ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Pale tulipokuwa huchemka kwa takriban digrii 90. Yanatokota kwa kelele zile zile, lakini hayaivishi kama tulivyozoea. Wavulana wote saba walikuwa wamejibu swali hilo katika mtihani wa muhula uliotangulia, na wengi walilipata. Hakuna aliyekumbuka kwamba lilihusu maharagwe.

Lakini somo la usiku ule halikuwa la fizikia. Miongoni mwao alikuwamo kijana mmoja mnyamavu, ambaye mamake alikuwa na kibanda cha kuuza chakula. Nilipomkuta akisugua ile sufuria kwa majani gizani, nilimwuliza kama mamake huyapika maharagwe kwa muda gani. Akaniambia kwamba mamake huyaloweka usiku kucha, na kwamba tangu walipokuwa wakifunga mizigo alijua kuwa chakula kile kingekula gesi yote. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akanitazama kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi, akajibu: "Mwalimu, hatukuulizwa."

Nililala na neno hilo. Hatukuulizwa! Kundi la watu saba lilikuwa na maarifa yote liliyoyahitaji, nalo likalala na njaa, kwa sababu aliyekuwa na sauti hakuuliza na aliyekuwa na maarifa hakudhani ana haki ya kusema. Ni mara ngapi jambo hilo hilo hutokea madarasani mwetu, na katika ofisi za umma na nyumbani mwetu?

Siku ya pili tulivuka kinamasi. Mvulana mmoja, mchezaji kandanda tuliyemdhania kuwa na mapafu ya farasi, alianza kubaki nyuma na kushikashika kichwa. Kiranja alimwambia avumilie, asiwaangushe wenzake. Naye akavumilia. Alipofika kambini alisema hana njaa, akajitupa ndani ya hema. Milima huwalaghai wenye nguvu. Ugonjwa wa mwinuko haumchagui dhaifu, na aghalabu humpata anayekimbia kuliko anayekokota miguu.

Yapata saa nne usiku nilisikia mtu akiita nje ya hema langu. Alikuwa yule mnyamavu. Alisema, "Mwalimu, leo sitanyamaza. Mwenzetu ametapika mara tatu, na ametuapisha tusikwambie."

Nilikwenda na mzee aliyekuwa akituongoza njia, mtu aliyezaliwa chini ya mlima ule na kuupanda tangu ujana wake. Alimmulika mgonjwa usoni, akamwambia asimame atembee hatua kumi kwa mstari ulionyooka. Kijana aliyumba kama mlevi. Mzee hakupoteza maneno: "Huyu ashuke sasa, si kesho."

Waama, moyoni mwangu kulikuwa na sauti iliyoninong'oneza tungoje kupambazuke. Kilele kilikuwa karibu, anga lilikuwa safi, na vilele vya Batian na Nelion vilisimama mbele yetu katika mwanga wa nyota. Nilikwisha kuiona picha ya vijana wangu saba wakiwa wameinua bendera ya shule. Ninaiungama sauti hiyo kwa sababu nina hakika kwamba wapo walimu ambao wameisikia, wakaifuata, na wakajuta.

Nikawakusanya wote. Niliwaambia kwamba kumteremsha mwenzao si jambo la kupigiwa kura. Hilo lilikuwa limekwisha kuamuliwa nami pamoja na mzee. Lakini namna ya kushuka ilikuwa juu yao. Kiranja alipendekeza mara moja kwamba mzee amteremshe mgonjwa, nao wengine waende Lenana pamoja nami. Kimya kikatanda. Kisha yule mnyamavu akauliza maswali mawili tu, kwa sauti ya chini: "Nani kati yetu anaijua njia ya kileleni bila mzee? Na mgonjwa akianguka kinamasini usiku huu, mtu mmoja atambeba vipi?"

Hapakuwa na jibu. Nilimwona kiranja akiinama, nikadhani amekasirika. Kumbe alikuwa akifungua kamba za hema.

Tangu hapo sikutoa amri nyingine. Waligawana mzigo wa mgonjwa ukaisha katika shanta sita. Mmoja alishika kurunzi mbele pamoja na mzee. Wawili walimshika mwenzao mikono. Mwingine alipewa kazi ya kuhesabu watu kila tulipovuka kijito. Yule mnyamavu ndiye aliyepanga haya yote, si kwa kufoka, bali kwa kumwuliza kila mmoja anaweza nini. Na kiranja mkuu? Yeye alichagua mwenyewe kutembea nyuma kabisa, asibaki mtu. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa mbele, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiongoza.

Tulifika kituoni yapata saa kumi alfajiri. Kadiri tulivyoshuka ndivyo kichwa cha mgonjwa kilivyopoa, na jua lilipochomoza alikuwa akinywa chai. Aliwaomba radhi wenzake kwa kuwakosesha kilele. Kiranja akamjibu kwamba kilele kitakuwapo hata mwakani.

Tuliporudi shuleni muhula wa tatu, kundi letu liliitwa mbele ya gwaride. Mkubwa wa shule aliuliza swali moja: ni wangapi waliofika juu? Tukajibu kwamba hakuna. Wanafunzi wengine wakacheka, tukaambiwa turudi mistarini, na shughuli za siku zikaendelea. Nami, niliyepaswa kusimama nikaeleza kwamba vijana wale walikuwa wamefanya jambo kubwa kuliko kufika juu, nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu ile ile: sikuulizwa. Makala haya ni jibu ambalo nilipaswa kulitoa asubuhi ile.

Sasa hebu tutazame asili ya mafunzo ya namna hii, maana wapo wanaoyadhania kuwa anasa ya watoto wa matajiri. Mwasisi wake mkuu alikuwa mwalimu kama sisi. Kurt Hahn, Mjerumani wa asili ya Kiyahudi aliyezaliwa mwaka wa 1886, alikuwa akiongoza shule ya Salem nchini mwake. Aliwapinga hadharani wafuasi wa Hitler, akatiwa gerezani mwaka wa 1933, kisha akakimbilia Uingereza, ambako alianzisha shule ya Gordonstoun mwaka wa 1934. Hahn alikuwa ameona kwa macho yake jinsi taifa lenye wasomi tele lilivyoweza kumfuata kiongozi mwovu. Akili peke yake, kwa maoni yake, haikutosha. Kijana alipaswa kuzoezwa kujitegemea, kuwahurumia wengine na kuwajibika kwao.

Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, Hahn alishirikiana na Lawrence Holt, mwenye kampuni ya meli. Holt alikuwa amesikitishwa na habari kwamba meli zikizamishwa, mabaharia vijana katika mashua za kuokolea walikata tamaa na kufa, ilhali wazee, wenye miili dhaifu zaidi, waliokoka. Wazee hao walikuwa na kitu ambacho vijana hawakuwa nacho: mazoea ya shida, na imani kwa wenzao. Mwaka wa 1941 wawili hao walifungua huko Aberdovey, Wales, shule ya kwanza ya Outward Bound. Jina hilo ni la kibaharia. Humaanisha chombo kilichong'oa nanga na kuelekea bahari kuu.

Mbegu hiyo haikuchelewa kufika kwetu. Tangu miaka ya 1950 kumekuwa na shule ya mlimani ya aina hiyo Loitokitok, upande wetu wa mpaka, chini ya Kilimanjaro. Mpango wa tuzo ulioanzishwa Uingereza mwaka wa 1956 kutokana na mawazo ya Hahn huyo huyo uliingia Kenya mwaka wa 1966, nao ndio tunaouita leo Tuzo ya Rais. Na tusisahau kwamba usiku wa uhuru, Desemba 1963, Kisoi Munyao aliipeleka bendera yetu mpya juu ya Mlima Kenya. Taifa hili, kwa namna fulani, lilizaliwa likipanda mlima.

Wala tusidhani kwamba fikra yenyewe ni ya kigeni. Kijana aliyepelekwa machungani na ng'ombe wa ukoo mzima alikuwa akifunzwa uwajibikaji. Vijana wa rika moja waliopitia jando pamoja walifunzwa kwamba aibu ya mmoja ni aibu ya wote. Huko pwani, mwana wa baharia alianza kwa kufua maji chomboni kabla hajaruhusiwa kugusa usukani, na ndiko tulikopata ule msemo kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Lakini wahenga hao hao walijua pia kwamba nahodha asiyewasikiliza mabaharia wake hukipandisha chombo mwambani.

Kwa nini jambo hili ni zito kwetu? Mwaka wa 1999, katika shule moja ya wavulana mjini Nyeri, viranja wanne waliteketezwa kwa moto chumbani mwao na wanafunzi wenzao. Hakuna hoja yoyote inayoweza kuuhalalisha unyama ule. Hata hivyo, tulilazimika kujiuliza ni uongozi wa aina gani tuliokuwa tumeujenga, hata mwana akamwona mwana mwenziwe kuwa adui. Tangu wakati huo shule nyingi zimeanzisha mabaraza ya wanafunzi ambayo wanachama wake huchaguliwa kwa kura, nayo ni hatua njema. Lakini kura humpa mtu cheo, haimpi mafunzo. Tumebadilisha namna ya kuwapata viongozi. Hatujabadilisha vya kutosha namna ya kuwalea.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka wa 2017, umeweka mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi ambao kila mwanafunzi anapaswa kuupata. Maneno hayo yanapendeza kwenye karatasi. Nahofia, hata hivyo, kwamba tutayafundisha kama tulivyofundisha kiwango cha mchemko: wanafunzi wayakariri, wayaandike, wapate alama, kisha walale na njaa kando ya sufuria ya maharagwe.

Ninazisikia hoja za wapinzani. Ya kwanza ni gharama. Ni kweli kwamba Mlima Kenya ni ghali kwa shule nyingi. Lakini si lazima iwe Mlima Kenya. Ukingo wa kreta ya Longonot, mita 2,776, unaweza kuzungukwa kwa siku moja. Kuna Kilimambogo, kuna vilima vya Ngong, Taita na Maragoli, kuna msitu wa Kakamega. Hata kulala usiku mmoja katika uwanja wa shule jirani, kwa chakula ambacho wanafunzi wamejinunulia na kujipikia wenyewe, ni shule tosha. Kinachofundisha si urefu wa mlima, bali ni kupewa jukumu la kweli ambalo matokeo yake yataonekana kabla ya jua kutua.

Hoja ya pili ni hatari, nayo siipuuzi. Nimekwisha kueleza jinsi ratiba yangu mwenyewe ilivyomponza mtoto wa mtu. Mwalimu asiende nyikani bila idhini ya wazazi na ya wahusika wa mbuga, bila kuijua afya ya kila mwanafunzi, bila mwongozaji anayeifahamu njia, na bila siku za kutosha. Pesa zikipungua, afadhali kupunguza mlima kuliko kupunguza siku. Na yapo maamuzi ambayo ni ya mtu mzima peke yake. Kumwachia kijana jukumu si kumtelekeza.

Hoja ya tatu ndiyo ambayo husahauliwa, nayo ni kwamba nyika peke yake haimfundishi mtu chochote. Mlima unaweza kumfunza mwonevu kuonea vizuri zaidi. Kama tungeshuka tukaingia garini na kulala, huenda kiranja angekumbuka kinyesi cha tembo msituni, basi. Kilichotufaa ni saa mbili za asubuhi ile kituoni, tulipokaa katika jua na kila mmoja akasema alichokiona, alichokiogopa, na alichotamani angekisema mapema. Mimi pia nilisema kosa langu la ratiba. Safari isiyo na mazungumzo baada yake ni matembezi tu.

Walimu wenzangu, ninawasihi tuwape wanafunzi wetu nafasi ya kukosea mahali ambapo kosa hugharimu chakula cha jioni, kabla hawajafika mahali ambapo kosa hugharimu kaunti nzima. Nanyi wanafunzi, msingoje beji ndipo muongoze. Mwenye sauti aulize. Mwenye maarifa aseme. Na siku kundi lenu litakaporudi kutoka safarini, kisha mtu akawauliza kama mlifika juu, msione haya kumjibu kwamba mliondoka saba na mkarudi saba.